Sikio la Mtunzi

Jina lake tulilijua, ila halikukaa vinywani mwetu. Siku ya kwanza mwenyekiti wa kwaya alipojaribu kulitamka mbele ya wanakwaya, alifika katikati akakwama, akasema, "Basi jamani, huyu ni Mtunzi." Mwenyewe akacheka, akainamisha kichwa kama mtu anayebatizwa. Tangu siku hiyo, kutoka Kahororo hadi Muleba, akawa Mtunzi. Mimi aliniita Mwalimu, kwa kuwa nafundisha Kiswahili sekondari, na kwa miaka kumi na mmoja nilikuwa mnakili wake. Yeye aliandika muziki, mimi niliunakili upya ili wengine waweze kuusoma. Kwa hiyo niliyoyajua, niliyajua kabla ya wengine, na bora nisingeyajua.

Alikuwa Mtaliano mrefu, mkavu, mwenye masikio makubwa yaliyochomoza kama vishikio vya sufuria. Alikuja kwa majuma mawili tu, kumtembelea padri rafiki yake huko Muleba. Siku ya nne akawasikia wanawake wakimenya ndizi nyuma ya nyumba yenye msiba, wakiimba chini chini, kila mmoja akishika sauti yake bila kumngoja mwenzake. Ndege yake ya kurudi iliondoka bila yeye.

Kwao alikuwa mtu mwenye jina. Hilo hakulisema yeye. Niliona mwenyewe, siku aliponituma nimtolee karatasi ndani ya sanduku nikakuta mabango ya kumbi kubwa, jina lake limeandikwa juu kwa herufi nyekundu. Nilipomwuliza, alinieleza bila majivuno, kama mtu anayeeleza magonjwa yake ya utotoni. Ujana wake wote alitunga kelele: mabati yakigongwa, ving'ora vya viwandani, tarumbeta zikipigana na ngoma. Watu walimzomea, na jioni moja bibi mmoja alivua kiatu akamtupia. Kile kiatu alikihifadhi miaka mingi. Alipofika utu uzima akageuka, akaanza kutunga kimya. Wapiga fidla thelathini wanakaa jukwaani, wanagusa nyuzi kidogo sana hata mtu wa safu ya tano hana hakika kama wameanza. Hapo ndipo walipompenda. Na walipompenda, akawachoka.

"Huko wanapiga makofi kabla sauti haijafa," aliniambia. "Ni kama kumzika mtu ambaye bado anapumua."

Alipanga nyumba Rwamishenye kwa Mzee Sefu, Mwislamu mwenye duka la vitambaa, mcheshi asiyeshindwa neno. Watoto wa mtaa walimwita Mzungu wa Kelele kwa sababu alizunguka akigonga vitu: mabati, madumu, nguzo za uzio, halafu anasimama, kichwa amekiinamisha upande mmoja, anasikiliza. Siku moja alinywa chai sebuleni kwa Mzee Sefu, akaweka kikombe chini, akasema friji lile halitafika Ijumaa.

"Mtunzi," Mzee Sefu akasema, "hilo friji limemzika baba yangu, na mimi litanizika."

Alhamisi mchana friji likazima, halikuwaka tena. Mzee Sefu alikisimulia kisa hicho dukani kwa mwezi mzima, watu wakicheka. Mimi pia nilicheka. Lakini nilikuwa nimeshaenda naye Maruku, kwenye mashamba ya majaribio ya migomba, alikopenda kusikiliza majani kabla ya mvua kunyesha. Alitembea kati ya mistari akigonga mashina kwa kiungo cha kidole. Kwenye shina moja, la kijani, lenye mkungu mzuri kabisa, akarudi nyuma akagonga tena. Akagonga mara ya tatu. Mama mmoja aliyekuwa akipalilia pale akanyanyuka, akamtazama.

"Hilo tayari lina mnyauko," yule mama akasema. "Tunaling'oa kesho. Nani amekwambia?"

Mtunzi alijifuta kidole kwenye suruali, tukaondoka.

Muziki wake haukuwa na kiitikio. Haukuwa na mahali pa kupiga vigelegele. Ulianza na sauti moja, tuseme so, ikishikwa na watu wote kwa midomo iliyofumbwa, kila mtu akivuta pumzi kwa wakati wake ili sauti isikatike. Dakika mbili, tatu, hakuna kinachotokea. Halafu mtu mmoja, mmoja tu, anasogea juu kidogo, hata nusu ya hatua haifiki, na chumba kizima kinakuwa na kitu ndani yake ambacho hakikuwamo. Mara ya kwanza tulipoimba hivyo, mama mmoja wa sauti ya pili aliacha kuimba akageuka kuutazama mlango. Alisema alidhani kuna mtu ameingia.

Sisi Walutheri wa huku tunasoma muziki kwa do-re-mi. Yeye aliandika kwa mistari mitano, na noti zake nyingi zilikaa mahali ambapo do-re-mi haina jina. Kati ya fa na so aliweka vituo vitatu. Ikabidi nibuni alama: fa yenye mkia, fa yenye mikia miwili, so iliyopinda. Wanakwaya wakazizoea, hata wakaanza kutaniana nazo. Mtu akichelewa mazoezini anaambiwa, "Leo umekuja na mkia."

Jambo jingine, ambalo ndilo kiini cha habari hii: pembeni mwa mistari hakuandika soprano, alto, tenor wala besi. Aliandika majina ya watu. Tulikuwa thelathini na mmoja, na kila mmoja alikuwa na mstari wake, uliokatwa kwa kipimo cha koo lake kama nguo kwa fundi. Kabla ya kuandika alimketisha kila mwanakwaya kwenye benchi, peke yake, akamwambia ahesabu moja mpaka ishirini, asimulie alichokula jana, kisha apande na kushuka kwa sauti moja. Alisikiliza macho ameyafumba. Hakusifu. Sijawahi kumsikia akimwambia mtu kwamba ana sauti nzuri. Kusikilizwa namna ile kulitutosha. Wengi wetu hatukuwahi kusikilizwa hivyo hata na wazazi wetu.

Alikuwa mtu wa kupingana na nafsi yake. Alitufundisha subira huku akitupa penseli ukutani. Alisema tenzi za kanisani ni sukari ya watoto, na nikamkuta zaidi ya mara moja ameketi benchi la mwisho ibada ikiendelea, mashavu yamelowa. Alitafuna kahawa kavu kutwa nzima kama mzee wa Kihaya, halafu analalamika moyo unamwenda mbio. Alipenda sauti za watu kuliko kitu chochote duniani, na hakupenda watu wazungumze naye.

Na hakuhudhuria mazishi. Msiba ndio uliomfanya abaki kwetu, lakini kaburini hakukanyaga. Huku kwetu unaweza kusamehewa ulevi, unaweza kusamehewa uvivu. Kutokwenda kuzika hakusameheki.

Tulianza kuliona hilo alipofariki Ta Kaijage.

Mzee huyo, Ta Kaijage kama tulivyomwita kwa heshima, alikuwa seremala na besi yetu kuu, sauti ya kutikisa viti. Jumamosi moja mazoezini Mtunzi alimsimamisha, akamwomba arudie noti ya chini. Akairudia. Akamwomba tena. Wiki iliyofuata nilipopokea karatasi mpya za kunakili, mstari wa Ta Kaijage ulikuwa mtupu, na noti zake wamegawiwa vijana wawili. Nilidhani ni mabadiliko ya kawaida. Nikanakili, nikagawa.

"Mtunzi, nimekukosea nini?" Ta Kaijage aliuliza mbele ya watu wote.

"Hujanikosea, Ta Kaijage."

"Basi mbona umeninyang'anya?"

"Ile sauti niliyoiandikia haipo."

"Ipo! Hii hapa!" Akaunguruma hadi vioo vikalia. Tukapiga makofi. Mtunzi alitazama sakafu.

Baada ya miezi mitano Ta Kaijage alikuwa hawezi kumeza hata maji. Uvimbe kooni, walisema, na umeshasambaa. Tulimzika kwenye kibanja chake, kati ya migomba aliyoipanda mwenyewe. Watu walijaa hadi barabarani. Mtunzi hakuonekana. Mwenyekiti wa kwaya, aliyeudhika sana, alimfuata Rwamishenye kumwuliza kulikoni.

"Nilishamzika," Mtunzi alimjibu. "Mwezi wa pili."

Mwenyekiti alitusimulia maneno hayo mara moja tu. Hakupenda kuyarudia.

Kisha ikafika zamu ya Advera, binti wa sauti ya kwanza, aliyekuwa ameolewa mwaka huohuo. Alipokea karatasi zake akakuta mstari wake umekatwa kuanzia katikati. Alipiga kelele ya kututoa roho, akatupa karatasi, akakimbia. Nyumbani kwao wakaanza maombi. Alipimwa damu, akapigwa picha ya kifua, akapimwa kila kinachopimika, na mwisho daktari mmoja akamwambia, "Dada, wewe ni mjamzito. Hongera." Tulicheka hadi tukashika mbavu. Mtunzi naye alicheka, akashukuru Mungu ambaye alisema hamwamini, na mtoto alipozaliwa alimwandikia Advera mstari mpya, wa chini kidogo, mzuri kuliko wa kwanza.

Tungeweza kuishia hapo. Mtu ana masikio makali, mara anapatia, mara anakosea, basi. Lakini kuna kitu kilikuwa kimeshaharibika. Tangu hapo, kila Jumamosi nilipogawa karatasi, hakuna aliyetazama muziki kwanza. Kila mtu alitafuta jina lake, akafuata mstari wake kwa kidole hadi mwisho wa ukurasa wa mwisho. Hakuna aliyekohoa. Muziki wa Mtunzi ulinitisha mara nyingi, lakini haukunitisha kama ukimya ule wa watu thelathini wakitafuta majina yao.

Maneno yakaenea mjini. Wengine walivuka barabara walipomwona. Mama mmoja sokoni alimuuzia nyanya bila kufungua mdomo, akaonyesha bei kwa vidole, asije akasikiwa. Mzee Sefu peke yake ndiye aliyeendelea kumpigia soga kwa sauti kubwa makusudi. "Sikiliza vizuri, Mtunzi, ukisikia naondoka niambie nikamalize deni la swala." Hata hivyo Mtunzi akahama. Alikwenda Muleba, kwenye nyumba moja ya mawe ukingoni mwa mwamba, ziwa liko chini kabisa, ukungu unapanda na kushuka, nyuma yake rweya, nyasi tupu zisizo na mtu. Ma Paskazia, mjane wa jirani, alimpikia. Huko ndiko alikoandika kazi yake kubwa, ya sauti zetu zote na enanga moja, ile ala ya nyuzi ya Wahaya, ambayo tungeiimba Jumapili baada ya Pasaka.

Sasa nije kwa mume wangu.

Baba Koku alikuwa mwalimu wa hisabati, mpole, mtu wa kukaa pembeni. Hakujisifu kwa lolote isipokuwa mstari wake. Katika kazi ile kubwa Mtunzi alimpa jambo ambalo hakumpa mwingine: kwenye ukurasa wa tisa, wote tunanyamaza, na yeye, sauti ya tatu, anapanda peke yake, polepole, kutoka chini hadi juu, enanga ikimfuata. Alikuwa akiufanyia mazoezi asubuhi akinyoa ndevu. Koku, binti yetu, alikuwa akiuiga akiwa likizo, wakaishia kucheka.

Kabla ya Kwaresima ukanifikia mswada wa mwisho. Nilikuwa mezani nyumbani, mchana, dirisha wazi. Nikanakili ukurasa wa saba, wa nane. Nilipofungua wa tisa, jina la mume wangu lilikuwepo pembeni, na mbele yake hapakuwa na kitu. Alama za kunyamaza, moja baada ya nyingine, hadi mwisho wa kitabu. Enanga ilipanda peke yake.

Kesho yake nilipanda basi kwenda Muleba, na kutoka barabara kuu nikachukua bodaboda. Nilimkuta barazani.

"Mtunzi, ukurasa wa tisa."

"Ndiyo."

"Umesahau mstari wa mume wangu."

"Sikusahau, Mwalimu."

Nikakaa. Ma Paskazia aliniletea maji akaingia ndani, akafunga mlango.

"Anaumwa nini?"

"Mimi si daktari. Magonjwa siyajui. Najua sauti niliyoiandikia, na najua siku inapoacha kuja. Ya mume wako inakuja, halafu kwenye fa inateleza, kama mtu aliyekanyaga ngazi iliyolegea. Ilianza mwezi wa kumi na moja."

"Na umekaa kimya tangu mwezi wa kumi na moja?"

Akanisimulia habari ya mwimbaji mmoja wa kwao, mwanamke mwenye sauti ya kupasua kuta, aliyeimba kazi zake ujanani. Siku moja alisikia kitu katika sauti ile, akamwambia. Yule mwanamke akaacha kuimba. Akaacha kusafiri, akavunja uchumba, akakaa kwa mama yake kungoja kifo.

"Akafa?"

"Ana miaka themanini na mitatu. Hakuugua chochote. Kila Krismasi ananitumia kadi, na ndani haandiki hata neno moja." Akatazama ziwani. "Tangu hapo sisemi. Naondoa mstari tu, kwa sababu siwezi kuandikia sauti ambayo haipo. Huo ndio uaminifu wangu."

"Huo si uaminifu," nilimwambia. "Huo ni woga."

"Ndiyo," alisema. "Na wewe je, utamwambia?"

Nilirudi Bukoba na swali hilo kifuani. Baba Koku alikuwa jikoni, ameshaweka ndizi motoni, anapiga mluzi mstari wake. Aliniuliza mswada umefika. Nikasema umefika. Akauliza ukurasa wa tisa ukoje.

"Uko vilevile," nikasema.

Nilijiambia kwamba huyu ni Advera mwingine. Nilijiambia kwamba Mtunzi amezeeka, na mtu mwenyewe alikuwa amekiri kukosea. Nilijiambia mengi. Kesho yake, mume wangu akiwa shuleni, nilikaa mezani nikaandika mstari wake, ukurasa wa tisa hadi mwisho, kwa mkono wangu. Wa zamani nilikuwa nimeukariri kwa kuusikia kila asubuhi. Pale ambapo enanga ilikuwa imebadilishwa nilijaza kwa akili yangu. Niliandika kwa unadhifu. Nilimpa, na kwa kuwa mazoezi ya Kwaresima yote yaliongozwa na mwenyekiti, Mtunzi akiwa Muleba, hakuna aliyegundua.

Jumapili ile ukumbi wa Kahororo ulijaa. Walikuja waliompenda Mtunzi na waliotaka kumwona mchawi. Aliongoza akiwa amevaa koti jeusi lililomlegea mabegani. Tuliimba dakika arobaini bila mtu kutikisika. Watoto wachache walilia wakatolewa nje. Bibi mmoja safu ya mbele alikuwa amejifunika kanga usoni. Tulipofika ukurasa wa tisa tukanyamaza, enanga ikaanza, na Baba Koku akapanda.

Mkono wa Mtunzi ulisimama hewani. Hakumtazama mume wangu. Alinitazama mimi, safu ya pili, mwisho kushoto, na hakuniondolea macho mpaka ile sauti ilipofika juu kabisa. Kwenye fa iliteleza. Nilikuwa nimesimama karibu, nikaisikia kwa masikio yangu mwenyewe, kitu kidogo sana, kama uzi unaokatika ndani ya nguo. Watu walilia. Walisema hawajawahi kusikia kitu kizuri namna ile.

Hata baada ya kuisikia, sikusema. Hapo ndipo ninapojihukumu. Kabla ya siku ile ningeweza kusema sikuamini.

Mwezi wa sita akaanza kukohoa, sauti ikakauka hadi wanafunzi wa nyuma wakawa hawamsikii. Hospitali ya Bukoba wakatuandikia twende Mwanza. Uvimbe kifuani, daktari alisema, unabana mshipa unaopeleka sauti. Alikuwa kijana, mpole. Alianza kusema, "Mngekuja mapema kidogo..." akaona uso wangu, akameza maneno yaliyobaki.

Tuliporudi nyumbani Baba Koku aliomba nimletee karatasi za ile kazi, azisome kitandani kwa kuwa hawezi kuziimba. Nilimletea. Alikaa nazo muda mrefu.

"Mama Koku," aliniita, kwa sauti ile ya kunong'ona iliyobaki. "Noti hizi si za Mtunzi."

Nilisimama mlangoni.

"Yeye haweki fa tatu mfululizo. Hii ni kazi yako." Akageuza ukurasa, akaurudisha. "Yeye aliandika nini hapa?"

"Hakuandika kitu."

"Ulijua tangu lini?"

"Kabla ya Kwaresima."

Alikuwa mtu wa hesabu. Alinyanyua mkono akahesabu miezi kwa vidole, kimoja kimoja, akakiacha cha nne kikiwa juu. Kisha akaziweka karatasi kando, akaomba maji.

Aliishi mwaka mmoja na miezi miwili. Mbele ya mchungaji alisema amenisamehe, na naamini hakusema uongo. Nilimlisha, nilimwogesha, tulicheka siku tulizoweza kucheka. Lakini kuna chumba ndani yake ambacho alikifunga siku ile, na mpaka anaondoka hakuniachia ufunguo.

Siku ya mazishi mvua ilinyesha tangu alfajiri. Udongo ulikuwa mwekundu na mzito, vijana wakateleza na jeneza. Nilipoinua macho nilimwona Mtunzi mwisho wa kibanja, kati ya migomba, bila mwavuli, maji yanamtiririka masikioni. Ilikuwa mara yake ya kwanza, na hakuna aliyejua tufanye nini naye. Kwaya ilipoanza wimbo, aliziba masikio kwa viganja. Watu waliguna. Advera alikuwa na mtoto mgongoni. Alitoka kwenye mstari, akakatiza makaburi, akaenda kusimama kando yake, akaendelea kuimba akiwa hapohapo. Baada ya ubeti wa pili Mtunzi alishusha mikono. Aliondoka kabla ya chakula.

Baada ya hapo hatukuonana kwa miaka mitatu. Kwaya ilirudi kwenye tenzi. Mimi sikumchukia, ila sikujua ningekaa vipi mbele yake. Wiki iliyopita Ma Paskazia alinipigia simu: mtoto wa dada yake Mtunzi amekuja kumchukua, wanaondoka keshokutwa, na mzee ameuliza kama Mwalimu yupo.

Nilikwenda. Amezeeka sana. Mikono inatetemeka hata hawezi kushika penseli, lakini masikio, alisema Ma Paskazia, Mungu amemwachia. Alikuwa barazani amefunikwa blanketi, ukungu umefika usawa wa ngazi. Sikujua nianze wapi, nikaanza na habari za kawaida. Nikamwambia Mzee Sefu bado yupo na bado anaongea. Nikamwambia Koku ameajiriwa Dodoma, atakuja likizo mwezi wa kumi na mbili, anataka kukarabati paa.

"Rudia," Mtunzi alisema.

"Nirudie nini?"

"Sentensi. Yoyote."

Nilielewa. Nilitaka kusimama niondoke, nishuke ule mlima kwa miguu. Badala yake nilishika kiti kwa mikono miwili.

"Koku atakuja likizo mwezi wa kumi na mbili," nikasema.

Alifumba macho. Alibaki hivyo muda mrefu, nikawa nasikia kisu cha Ma Paskazia kikimenya ndizi upande wa jikoni.

"Mwalimu, nitasema neno. Nikikosea utanichukia kama yule wa kwetu, kila Krismasi, hadi nife. Nimekubali."

"Sema."

"Nenda hospitali. Kesho asubuhi, si wiki ijayo. Waambie wakutazame hapa." Akainua mkono kwa shida, akagusa shingo yake mwenyewe, chini ya koromeo.

Kisu jikoni kikanyamaza.

"Asante, waitu," nilimwambia, kama tunavyomwambia mtu wa kwetu. Nilishangaa kwamba nilimaanisha.

"Unanichukia?"

"Bado," nikasema, na sote wawili tukacheka, yeye akilia.

Kesho yake saa mbili asubuhi nilikuwa kwenye foleni mjini. Daktari, mama wa makamo, alinipapasa shingo, akapita mahali akarudi, akapita tena. Kuna uvimbe, kadiri ya punje ya maharage, alisema. Mimi mwenyewe nilikuwa sijawahi kuuhisi. Aliingiza sindano, akatoa alichotoa, wakakipeleka Mwanza. Majibu ni Alhamisi. Nikiwa bado kwenye benchi la hospitali nilimpigia Koku nikamweleza kila kitu, na cha baba yake pia, ambacho nilikuwa sijamweleza kamwe. Akasema anapanda basi.

Leo ni Jumanne. Koku amefika asubuhi hii, macho mekundu kwa safari, hakutaka kulala. Ananitaka niongee, anasema anataka asikie mwenyewe kama kweli sauti imebadilika. Nimemwambia mimi siisikii tofauti yoyote. Nimemwambia habari za paa, za mvua, za jirani aliyeuza ng'ombe. Ameketi mbele yangu, mikono magotini, ananitazama mdomo.

"Haya, umesikia nini?" nimemwuliza.

Amesogeza kiti karibu zaidi.

"Endelea kuongea, mama," anasema.

Naendelea.